Sinema Iliyogeuzwa Maegesho

Mgeni aingiaye Detroit kwa nia ya kuzuru masalia ya kazi ya motokaa iliyoupa mji huo wa Marekani jina lake, aghalabu hupelekwa kwanza Michigan Central, stesheni ya reli iliyofunguliwa mwaka 1913, ikaagwa na treni yake ya mwisho mwaka 1988, ikakaa mahame hata kampuni ya Ford ilipoinunua mwaka 2018, ikaitengeneza na kuifungua tena mwaka 2024. Ni jumba lenye adhama, wala siihusudu sifa yake. Lakini lau mimi ndiye kiongozi wa wageni, ningeanzia barabara ya Bagley, penye maegesho ya motokaa.

Hapo palikuwa na kibanda cha matofali ambamo Henry Ford, usiku mmoja wa Juni 1896, alimaliza kuunda gari lake la kwanza, na alipotaka kulitoa akaona mlango haulitoshi, basi akatwaa shoka akavunja ukuta. Mwaka 1926 likasimama papo hapo jumba la sinema la viti takriban elfu nne. Lakini watazamaji wakazidi kuadimika, wengi wakiwa wamehamia nje ya mji kwa motokaa zilezile, na mwaka 1977 ukumbi ukafanywa maegesho, kwani kuubomoa wote kungaliliponza jengo la ofisi lililoshikana nao. Leo dari yenye nakshi za plasta, iliyobanduka hapa na pale, imetanda juu ya mapaa ya magari.

Kiwanda cha Piquette, lilikozaliwa gari la Ford liitwalo Model T mwaka 1908, ni makumbusho sasa, nami sina neno. Neno ninalo juu ya Highland Park, mji mdogo uliozungukwa na Detroit, ambako mwaka 1913, katika kiwanda cha Ford, chesisi ilianza kuvutwa kumfuata mfanyakazi aliposimama, na kazi ya saa kumi na mbili na zaidi ikaisha kwa saa moja na nusu. Kazi yenyewe ikachosha hata watu wakaikimbia, na mwaka uliofuata Ford akatangaza ujira wa dola 5 kwa siku. Mamilioni yaliyoifufua stesheni hayakufika huku. Pana kibao cha historia, na mbele ya kiwanda pana maduka yaitwayo kwa jina la Model T, ambapo mwenye haja ya kununua huegesha gari lake, akafunga mlango, akaingia dukani.