Cheti cha Siku Tano na Kifungu cha Ukurasa wa Mwisho

Pita kwenye hoteli yoyote ya mikutano ya Westlands au Kilimani asubuhi ya Jumatatu, usome vibao vilivyosimamishwa mapokezi. Kati ya semina ya bima na ile ya kodi, hutakosa darasa la usuluhishi. Ndani wamo mawakili, bila shaka, lakini wamo pia wahandisi, wakadiriaji wa gharama za ujenzi, wasanifu majengo, maafisa wa benki na wale wa ununuzi kutoka serikali za kaunti. Saa nne kuna chai na sambusa, kisha wanarudi kwenye somo la jinsi msuluhishi anavyotoa maagizo yake ya kwanza. Ijumaa jioni wanashuka kukabiliana na foleni ya Waiyaki Way, cheti mkononi, na baadhi yao wamesogea karibu na herufi mpya za kubandika baada ya jina.

Kuzicheka kozi hizi ni rahisi. Kwenye korido za mahakama za Milimani utasikia kwamba Nairobi sasa ina wasuluhishi wengi kuliko mizozo. Mzaha huo una ukweli wake, ila peke yake haukutosha kutufanya tutenge toleo zima. Kilichotusukuma ni kwamba kozi fupi ya usuluhishi ni bidhaa nzuri inayouzwa kwa mteja asiye wake. Inatangazwa kama njia ya kuwa msuluhishi, tena wa kimataifa, ilhali anayefaidika nayo kuliko wote ni mtu ambaye hatakalia kiti hicho hata siku moja: anayeandika mikataba, anayeitia saini, na anayepokea barua ya kwanza ya malalamiko mambo yanapoharibika.

Tuanze na sheria, maana wengi huingia darasani wakidhani wanatafuta leseni. Sheria ya Usuluhishi ya 1995, iliyofuata kielelezo cha UNCITRAL, tume ya Umoja wa Mataifa ya sheria ya biashara ya kimataifa, na kuchukua nafasi ya ile ya 1968, haimtaki msuluhishi awe wakili, wala haimdai cheti. Wafanyabiashara wawili wakikubaliana kwamba ugomvi wao uamuliwe na fundi bomba mstaafu wa Kawangware, naye akawasikiliza wote wawili kwa haki bila kuvuka mipaka ya yale waliyomkabidhi, uamuzi wake unaweza kupelekwa Mahakama Kuu ukatekelezwa sawa na ule wa profesa. Upatanishi unaoendeshwa chini ya mahakama, ulioanza kwa majaribio Milimani Aprili 2016, ndio wenye mlango rasmi: huko lazima uidhinishwe na kamati maalumu, na mafunzo ni sharti. Kwenye usuluhishi, cheti ni jambo la soko tu.

Na soko lina jina linaloliheshimu. Chartered Institute of Arbitrators ilianzishwa London 1915, ikapata hati ya kifalme 1979, na tawi lake la Kenya lipo tangu 1984. Ngazi yake ya kwanza inafikika kwa kozi ya siku chache. Ya juu kabisa ina mtihani wa kuandika uamuzi: mtahiniwa anapewa ushahidi na hoja za pande mbili, naye anaandika uamuzi mzima, wenye sababu zake, unaoweza kusimama mbele ya jaji mkali. Kama kozi zote za mji huu zingefutwa kesho nami nikaruhusiwa kuokoa sehemu moja, ningeokoa mtihani huo. Huwezi kuupita kwa kukariri slaidi.

Dola nayo ilisukuma kutoka juu. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 159, iliitaka mahakama iendeleze upatanisho, upatanishi, usuluhishi na njia za jadi za kutatua mizozo. Mwaka 2013 Bunge likapitisha sheria iliyounda Kituo cha Nairobi cha Usuluhishi wa Kimataifa, NCIA, ambacho kilifungua ofisi katika jumba la Co-operative Bank, Haile Selassie Avenue, na kutoa kanuni zake 2015. Chama cha Mawakili, kutoka makao yake ya Gitanga Road, kinamdai kila wakili alama za mafunzo kila mwaka. Vyote hivi vimeleta wanafunzi kwa kasi ambayo uteuzi wa wasuluhishi haukuweza kuifuata.

Hasa uteuzi wa kimataifa. Kenya imeshtakiwa mara kadhaa mbele ya ICSID, kituo cha Benki ya Dunia cha mizozo ya uwekezaji. Kesi ya World Duty Free ilihusu maduka yasiyotozwa ushuru katika viwanja vya ndege vya Nairobi na Mombasa. Mdai mwenyewe alikiri kwamba dola milioni 2 zilitolewa kwa Rais Moi 1989 ili mkataba upatikane, na Oktoba 2006 wasuluhishi wakakataa dai lake kwa sababu hongo ilikuwa imeuozesha mkataba tangu mzizi. Kesi ya Cortec ilihusu leseni ya madini ya Mrima Hill, Kwale, iliyotolewa bila tathmini ya mazingira inayotakiwa na sheria. Oktoba 2018 dai hilo nalo likaanguka. Kenya ilishinda zote mbili. Sasa tazama waliokaa. Ya kwanza ilikuwa na Guillaume, Rogers na Veeder: Mfaransa, Mwaustralia, Mwingereza. Ya pili ilikuwa na Binnie, Dharmananda na Stern: Mkanada, Mwaustralia, Mfaransa. Hakuna hata mmoja wa Afrika Mashariki, katika kesi zilizotegemea jinsi ofisi za Nairobi zinavyotoa leseni na jinsi fedha zilivyosafiri kwenda Ikulu.

Na isisemwe ni hila za wageni peke yao. Kwa kawaida kila upande huteua msuluhishi mmoja, kwa hiyo hata serikali yetu, ilipopata nafasi ya kuchagua, ilitazama ng'ambo. Sioni sababu ya kuilaumu kozi ya siku tano kwa jambo hilo. Anayeteua hatazami cheti. Anatafuta mtu ambaye maamuzi yake ya awali yamesomwa na kupimwa, na mwenye kesi ya kwanza mkononi ndiye hupewa ya pili. Hakuna ukumbi wa hoteli unaotoa kesi ya kwanza.

Basi turudi kwa yule ambaye kozi inamfaa kweli. Mkataba wa ujenzi wa ghorofa la Kileleshwa una kurasa nyingi, na zote zimepiganiwa: bei, muda, fidia ya ucheleweshaji. Kifungu cha usuluhishi kipo karibu na mwisho, na mara nyingi kimetolewa kwenye mkataba mwingine kama kilivyo. Hakuna aliyejiuliza nani atateua msuluhishi pande mbili zikishindwa kukubaliana, sheria ya nchi gani itasimamia, au kama inafaa kuwa na wasuluhishi watatu kwa mzozo ambao thamani yake haitatosha kuwalipa. Nimesoma vifungu vinavyosema mzozo utakwenda kwa msuluhishi na, katika sentensi inayofuata, kwamba mahakama za Kenya pekee ndizo zenye mamlaka. Wakili wa upande utakaopendelea kuchelewa atalipwa vizuri kwa sentensi hizo mbili.

Mfano mkubwa uko Riverside Drive. Mwaka 2010 Synergy Industrial Credit iliingia mkataba wa kununua jengo ndani ya 14 Riverside kutoka kwa Cape Holdings. Mambo yakaharibika, wakaenda kwa msuluhishi, na 2015 akaamua Synergy ilipwe zaidi ya shilingi bilioni 1.6. Mwaka uliofuata Mahakama Kuu ikaufuta uamuzi huo. Likazuka swali la kama rufaa inaruhusiwa hata kidogo, likapanda hadi Mahakama ya Juu, ambayo Desemba 2019 ilisema mlango upo lakini ni mwembamba sana. Na 2020 Mahakama ya Rufaa ikaurudisha uamuzi wa msuluhishi. Miaka 10 tangu mkataba, kwa njia iliyosifiwa kwa wepesi wake. Siku hiyohiyo ya Desemba, Mahakama ya Juu iliamua pia kesi ya Nyutu Agrovet na Airtel, ambamo shilingi milioni 541 zilizotolewa na msuluhishi zilikuwa zimefutwa na Mahakama Kuu tangu 2011. Swali la msingi lilikuwa lilelile.

Anayesoma kesi hizi darasani kwa jicho la kutaka kuwa msuluhishi atajifunza kuhusu mipaka ya mahakama. Anayezisoma kama mwandishi wa mikataba atapata cha kufanyia kazi Jumatatu ijayo. Sheria ya 1995 inawaruhusu wenye mzozo wa ndani ya nchi kukubaliana mapema kwamba swali la kisheria linaweza kupelekwa mahakamani. Je, mteja wako anataka mlango huo uwe wazi? Atalala vizuri akijua uamuzi ni wa mwisho, au akijua kuna pa kukimbilia? Hilo ni la kujibiwa kabla ya saini, na linachukua dakika chache kwa mtu aliyeambiwa kwamba swali lipo. Kadhalika yule wakili kijana anayepokea hati za kesi Ijumaa alasiri: sheria inataka ombi la kusimamisha kesi ili mzozo uende kwa msuluhishi lifikishwe mahakamani mapema, si baada ya kujitokeza rasmi kujibu dai. Akijitokeza kwanza akafikiria baadaye, kifungu chote kinaweza kumponyoka mteja.

Gharama ya neno moja kwenye kifungu iliwahi kuonekana Nigeria. Mkataba wa gesi wa 2010 kati ya wizara ya mafuta na kampuni ya P&ID uliitaja London kuwa mahali pa usuluhishi. Mahakama ya Lagos ilipoingilia 2016, wasuluhishi walisema makao ya kisheria ni Uingereza, wakaendelea. Pamoja na riba, deni lilipita dola bilioni 11 kabla jaji wa London hajaufuta uamuzi Oktoba 2023 kwa sababu ulipatikana kwa ulaghai. Nchi nzima ilibaki ikingoja hukumu ya ugenini kwa sababu ya jina la mji.

Wala si serikali pekee. Mwagizaji wa bidhaa wa River Road anayenunua Guangzhou au Dubai hajui kwamba hukumu ya Milimani inaweza kumchosha kuitekeleza huko, ilhali uamuzi wa msuluhishi aliyekaa Nairobi unabebwa na Mkataba wa New York wa 1958, ambao Kenya ilijiunga nao 1989 na ambao Uchina na Falme za Kiarabu pia zimo. Kwake, mafunzo ya alasiri moja yangetosha. Hakuna anayemtangazia.

Kuna kasoro nyingine inayoniudhi zaidi kadiri ninavyozisoma ratiba za kozi. Karibu zote zinachukulia kwamba shahidi anazungumza Kiingereza. Nyapara wa eneo la ujenzi anajua siku gani zege ilimwagwa na nani aliyeagiza isimwagwe, na anayajua hayo kwa Kiswahili. Maelezo yake yanaandikwa na wakili kwa Kiingereza cha ofisini, anayatia saini, kisha anahojiwa juu ya maneno ambayo hayakutoka kinywani mwake. Sheria inaziachia pande mbili zichague lugha ya kikao. Sijaona darasa linalowazoesha wanafunzi kumhoji shahidi huyo kwa lugha yake na kuandika uamuzi usiopotosha alichosema.

Makala ya toleo hili, basi, hayana orodha ya kozi bora wala ushauri wa kupanda ngazi haraka. Yameandikwa na watu wanaofundisha, wanaokadiria majenzi na wanaotetea, na baadhi yao hawakubaliani na mhariri. Mmoja anashikilia kwamba wasuluhishi wengi ni bora kuliko wachache, kwa kuwa wingi utashusha ada. Huenda. Lakini ada hazishuki ikiwa wateuzi wanarudia majina yaleyale.

Kwa wanaotaka kiti kweli, pendekezo langu ni la kawaida na halihitaji sheria mpya. Kila msuluhishi anayeteuliwa Nairobi aziombe pande zote ruhusa ya kukaa na mwanafunzi mmoja aliyemaliza kozi: apange majalada, aandike muhtasari wa hoja, asikilize, asiamue. Pande zenye kesi zisilipishwe senti kwa ajili yake. Nauli na chakula cha mchana vitoke kwenye karo ambayo watoa kozi walishaipokea, na mwanafunzi atie saini kiapo kilekile cha siri anachofungwa nacho msuluhishi. Upande wowote ukikataa, atoke nje ya chumba, asubiri kesi nyingine.