BWANA SHAMBA NA WEWE: Tezi ya Shingo na Nyumba Isiyo na Mtoto



Mwezi huu tuache kidogo habari za pamba na mtama. Tuzungumze juu ya shingo, chumvi na uzazi. Utauliza, "Bwana shamba ameanza lini udaktari?" Mimi si daktari. Lakini habari hii niliikuta shambani, na kosa lilikuwa langu.

Msimu mmoja wa palizi nilitembelea mashamba ya pamba hapa Mwandoya. Katika shamba moja majani yalikuwa yamefunika pamba. Mke wa mwenye shamba alikuwa amekaa chini ya mti, amejifunika khanga mbili, na jua lilikuwa kali. Nikamwambia, "Shemeji, pamba haipaliliwi kivulini." Akanijibu polepole, kwa sauti nzito, "Nguvu sina, bwana shamba." Sikumwamini. Katika daftari langu niliandika: mvivu.

Baadaye nilielezwa. Mama huyo alikuwa na miaka sita katika ndoa. Mimba moja ilitoka, na nyingine haikuja. Majirani walimwita mgumba. Mumewe aliuza ng'ombe watatu kuwalipa waganga. Hakupona. Mwishowe muuguzi mmoja alimtazama shingo, akamwuliza maswali, akamwandikia barua ya rufaa. Kipimo cha damu kilionyesha kwamba tezi ya shingo yake imelegea. Basi nililifuta neno lile katika daftari, nikaenda kumwomba radhi.

TEZI YA SHINGO NI NINI?

Mbele ya shingo, chini ya koo, pana tezi ndogo yenye umbo la kipepeo. Madaktari huiita thairoidi. Tezi hii hutengeneza maji maalumu yanayoingia katika damu na kuuamrisha mwili ufanye kazi. Yakipungua, mwili wote hupoa kama jiko lililokosa kuni. Mtu huchoka na kusikia baridi wakati wengine wanatoka jasho. Ngozi hukauka, nywele hukatika, choo huwa kigumu. Hedhi huja nzito au hupotea. Yai la mama huenda lisitoke kila mwezi. Na mimba ikiingia, yaweza kutoka.

KWA NINI INALEGEA?

Sababu zinazojulikana sana ni mbili.

Ya kwanza ni upungufu wa madini joto. Tezi ikikosa madini haya huvimba, nasi tunasema mtu ana rovu. Zamani wazee wetu wa Kisukuma walikwenda kwa miguu hadi Ziwa Eyasi kuchota chumvi. Safari ile ilikuwa ya ushujaa, lakini chumvi ya kuchota haijatiwa madini joto. Katika miaka ya 1980 na 1990 serikali iligawa vidonge vya mafuta yenye madini joto katika wilaya zilizokuwa na rovu nyingi. Tangu katikati ya miaka ya 1990 sheria inataka chumvi ya kula itiwe madini hayo.

Sababu ya pili ni ngeni masikioni mwetu. Mwili una walinzi wake wanaopigana na vijidudu. Wafananishe na sungusungu wa kijiji. Sasa fikiri sungusungu wamekosea nyumba. Wanamkamata mwenye nyumba wakidhani ni mwizi, na kila usiku wanarudi kumpiga. Ndivyo walinzi wa mwili wanavyoweza kuishambulia tezi ya shingo. Daktari wa Kijapani, Hakaru Hashimoto, aliueleza ugonjwa huu mwaka 1912. Unawapata wanawake zaidi kuliko wanaume. Haukuletwa na uchawi, wala hauambukizi.

Magonjwa haya mawili hufanana kwa nje. Shingo yaweza kuvimba, au isivimbe. Kwa hiyo kutazama hakutoshi. Lazima damu ipimwe.

CHAKULA KINASAIDIA NINI?

Nunua chumvi iliyoandikwa kwamba ina madini joto. Itunze katika chombo chenye mfuniko, mbali na jua na moto. Itie chakula kikikaribia kuiva, ili madini yasipotee.

Lakini usizidishe. Kama walinzi wa mwili ndio wanaoshambulia tezi, madini joto mengi kupita kiasi huzidisha ugonjwa. Chumvi ya kawaida ya mboga yatosha. Usinunue matone au unga wa kuongeza madini joto bila kuambiwa na daktari.

Kula mayai, maziwa, maharage, dagaa na mboga za majani. Mihogo michungu iloweke na kuianika vizuri, kwa sababu sumu yake huisumbua tezi, hasa ya mtu aliyekosa madini joto. Lala vya kutosha. Na mume amsaidie mkewe jembe na maji.

Haya yote ni mema, lakini hayaiamshi tezi iliyokwisha kulegea. Hiyo inahitaji kidonge. Kidonge humezwa asubuhi kwa maji, tumbo likiwa tupu. Ngoja nusu saa hadi saa moja kabla ya uji au chai. Vidonge vya kuongeza damu vimeze baada ya saa nne, kwa maana vikikutana huzuiana. Usiache dawa kwa sababu umepata nafuu.

SIKU ZA RUTUBA

Mfugaji anaijua siku ambayo ng'ombe wake anataka dume. Lakini siku za mkewe hazijui! Tuzihesabu. Yai hutoka karibu siku 14 kabla ya hedhi inayofuata. Siku tano kabla yake, pamoja na siku yenyewe, ndizo siku za kushika mimba. Andikeni tarehe za hedhi katika daftari.

Hedhi ikikosekana, mama anayemeza dawa ya tezi asingoje miezi mitatu. Aende kliniki mara moja. Majuma ya kwanza mtoto hutegemea tezi ya mama yake, na mara nyingi dawa huongezwa.

Wewe mume, nenda ukapimwe pia. Mara nyingi kasoro iko kwa mume, au kwa wote wawili. Kama mmekaa mwaka mzima bila mimba, nendeni kituo cha afya pamoja. Mama akiwa na miaka 35 au zaidi, msingoje zaidi ya miezi sita. Huenda mkapelekwa Bariadi, au Bugando kule Mwanza. Nauli ni ghali, lakini haifikii ng'ombe watatu.

Yule mama alirudi shambani kabla hajapata mtoto. Mimba ilikuja baada ya mwaka mmoja na zaidi wa dawa, naye alijifungua salama. Siwezi kukuahidi kwamba kila nyumba itapata hivyo. Ninachokuomba ni hiki: ukimwona mtu amechoka, usikimbilie kumpa jina. Mwulize anaumwa nini.

MASWALI YA KUJADILI
1. Chumvi ya nyumbani kwako ina madini joto? Umejuaje?
2. Kwa nini kutazama shingo tu hakutoshi?
3. Katika kijiji chenu, nani hulaumiwa nyumba ikikosa mtoto? Je, ni haki?