Bima ya chaja isigeuzwe kizuizi

Naomba niseme jambo kwa wenzetu wenye nyumba katika majengo ya pamoja hapa California, maana wengi wanaotaka kufunga chaja ya gari la umeme hukata tamaa kamati ya jengo inapotaja bima.

Kifungu cha 4745 cha sheria ya madai ya jimbo kinakataza chama cha wenye nyumba kukuzuia bila sababu ya msingi kufunga chaja mahali pako pa kuegesha gari. Ombi lisipojibiwa kwa maandishi ndani ya siku 60, huhesabiwa limekubaliwa, isipokuwa kama wametaka maelezo zaidi kwa haki. Wewe nawe utagharamia fundi mwenye leseni, umeme, matengenezo na uharibifu wowote. Tena lazima uwe na bima ya dhima muda wote, na cheti chake ukikabidhi ndani ya siku 14 baada ya kukubaliwa.

Zamani sheria ilidai bima ya dola 1,000,000. Marekebisho ya mwaka 2018 yaliondoa kiwango hicho. Kamati ikikuletea fomu ya zamani, waombe kwa heshima wasome kifungu kilivyo sasa. Na kabla ya kununua bima mpya, iulize kampuni yako kama bima ya nyumba uliyonayo inatosha.

Siipingi bima. Moto ukizuka gereji hauchagui jirani, na aliyeunguliwa lazima alipwe. Ninachopinga ni kuitumia kumkatalia mtu haki ambayo sheria imeshampa.