Mlevi wa Jana na Gari la Wagonjwa

Imeenea miongoni mwa watu, wala si Marekani peke yake bali hata katika mabaraza yetu ya kahawa, itikadi ya kwamba mtu aliyewahi kuhukumiwa kwa kuendesha gari hali amelewa, ijapokuwa imepita miaka kumi na hajaionja tena pombe, hafai abadan kuvaa sare ya mhudumu wa dharura. Kwani, wasema, ni kejeli iliyoje kumkabidhi majeruhi wa barabarani yule ambaye nusura awe yeye mwenyewe mwenye kujeruhi. Kauli hii ina sura ya hekima, na wenye kuisema aghalabu ni watu wema. Mimi nadai kuwa ni dhana mbovu, na ubaya wake mkubwa si kwamba inamdhulumu mlevi aliyetubu, jambo ambalo wengi watalistahamili pasipo kukosa usingizi, bali ni kwamba haimlindi mgonjwa.

Hofu yenyewe siibezi. Mwaka 2022 pekee watu 13,524 walikufa Marekani katika ajali zenye dereva aliyefikia au kuvuka kiwango cha 0.08 cha pombe katika damu. Na mwaka 1980 Candace Lightner wa California aliasisi jumuiya ya akina mama wanaopinga ulevi wa barabarani, baada ya bintiye wa miaka 13 kugongwa na kuuawa na mtu ambaye tayari alikuwa na hukumu za kosa lilo hilo, na ambaye siku mbili tu kabla yake alikuwa ameachiwa kwa dhamana kwa ajili ya ajali nyingine. Kisa hiki huletwa kila mara kuwa ndiyo hoja ya kukata. Lakini mtu yule alikuwa mlevi wa juzi, wa jana na wa siku ile ile; na kumlinganisha naye kijana aliyekamatwa mara mbili alipokuwa na miaka 21, naye leo ana 33, ni kufanya kiyasi pasipo na sababu inayolingana, kosa ambalo mwanafunzi wa usuli-fiqhi angekemewa nalo siku yake ya kwanza.

Wengi hudhani pia kwamba sheria imekwisha kuufunga mlango, na dhana hiyo huwakatisha tamaa hata vijana wetu waliohamia huko, ambao kazi za tiba ni miongoni mwa riziki zao za mwanzo. Sivyo. Mwombaji aghalabu hupita milango mitatu: msajili wa taifa, aliyeko Columbus, Ohio, tangu mwaka 1970, ambaye hutoa cheti, jimbo, ambalo hutoa leseni kwa sheria yake lenyewe, na majimbo mengi hulitazama kila faili peke yake, kisha mwajiri. Na nyuma ya mwajiri yuko bawabu mkali kuliko wote, asiyekuwa tabibu wala kadhi, naye ni kampuni ya bima, ambayo hufunua rekodi ya udereva ya miaka ya karibuni na kuuliza ni lini. Simsifu mwenye bima, kwa kuwa anacholinda ni fedha zake; hata hivyo yeye walau ana kalenda, na wahubiri wa itikadi hii hawana.

Sasa tuuangalie mzizi wa jambo. Karatasi ya mahakama haimpimi mtu kwa ulevi wake, humpima kwa kukutana kwake na askari. Yule anywaye kila usiku wa mapumziko, ambaye bahati imemfikisha nyumbani salama mara zisizo na idadi, huipita milango yote mitatu akiwa safi kama pamba, akakaa nyuma ya usukani huku king'ora kinalia. Na aliyekamatwa, akalipa, akanyang'anywa leseni, akafungiwa garini kile chombo kinachokataa kuwasha injini mpaka dereva apulize pumzi isiyo na pombe, huyo ndiye aambiwaye kuwa ni hatari. Mgonjwa aliyelazwa kwenye machela hana haja ya kujua nani alilewa miaka kumi nyuma. Haja yake ni kujua nani amelewa usiku huu, na hilo halisemwi na hukumu yoyote. Husemwa na vipimo vya ghafla vya pumzi na mkojo, na msimamizi asiyesinzia, na mwenzake wa zamu anayeweza kutoa habari pasipo kuogopa kwamba atayaharibu maisha ya mtu. Kazi hii ya mikesha, ya damu, ya watoto wanaofia mikononi, ina sababu za kutosha za kumsukuma mtu kwenye chupa hata kama hakuijua alipoajiriwa; naye akishafunzwa kuwa doa moja ni doa la milele, hatakwenda kwa mganga kutafuta tiba, atakwenda kujificha. Ndivyo ukali wa mlangoni unavyozaa uzembe wa ndani.

Wazee wetu wa elimu hawakuwa wepesi hivyo. Waliulizana habari za mtu aliyehukumiwa kwa kumzulia mwenziwe uzinifu, je, ushahidi wake utapokewa tena? Abu Hanifa alisema haupokewi hata akitubu. Imam Shafii, ambaye madhehebu yake ndiyo iliyoshika pwani yetu, aliupokea ushahidi wa aliyetubu. Lakini wanazuoni wa madhehebu hiyo hawakuridhika na toba ya ulimi: waliweka muda wa kumpima fasiki aliyetubu, na wengi wao waliukadiria kuwa mwaka, ili misimu yote minne impitie, maana kila msimu una namna yake ya kuziamsha nafsi. Karne nyingi baadaye, mwaka 2009, watafiti Blumstein na Nakamura walichapisha uchunguzi wao juu ya watu waliokamatwa New York mwaka 1980, wakaonyesha kwamba hatari ya kukosa tena hupungua miaka inavyopita hadi kuwa sawa na ya watu wengine wa umri wao. Hawakuuchungua ulevi wa barabarani, nami sitawasingizia. Lakini kanuni ni ile ile, kwamba wakati ni shahidi naye husikilizwa.

Na wenye itikadi hii hawajui kazi yenyewe ilianzishwa na akina nani. Katika miaka ya 1960, takriban nusu ya huduma za kubeba wagonjwa Marekani zilikuwa mikononi mwa wazika maiti, kwa kuwa magari yao yaliweza kulaza mtu. Na mjini Pittsburgh zilikuwa mikononi mwa polisi. Mwaka 1967 ikaundwa huko huduma iliyoitwa Freedom House, ikaokota watu weusi wa mtaa wa Hill District walioitwa wasioajirika, na baadhi yao walikuwa na rekodi za jinai. Daktari Peter Safar akawafundisha, kisha Nancy Caroline, mpaka wakawa miongoni mwa wahudumu wa kwanza nchini wenye elimu kamili ya tiba ya njiani. Mwaka 1975 serikali ya mji ikaifunga na kuanzisha huduma yake. Na katika makabidhiano hayo baadhi ya mafundi wale waliondolewa kwa mitihani mipya, na wengine kwa rekodi zile zile ambazo hazikuwazuia kuokoa watu miaka yote iliyotangulia. Mji ulipata karatasi safi ukapoteza mikono iliyozoea.

Wala sidai mlango uachwe wazi. Mwenye hukumu tatu katika miaka mitano angojee, na angojee sana. Anayeficha hukumu yake katika fomu ya maombi afukuzwe kwa uongo huo. Na aliyekubaliwa akae nyuma na mgonjwa mwaka mzima kabla ya kushika usukani, akipimwa pasipo kuarifiwa. Anayeona masharti haya ni mepesi, na awatwike hayo hayo wote waliomo garini tayari pasipo hukumu yoyote, kisha atuletee hesabu ya waliobaki.