Kompyuta Isihukumiwe Kabla ya Kuulizwa

Kompyuta kuukuu hufika shuleni, ikawekewa mfumo wa Linux, ikawashwa. Mistari michache ya maandishi hupita, kisha kioo huwa cheusi. Hujaribiwa tena mara mbili tatu, halafu hupelekwa stoo. Maoni yangu ni kwamba hukumu ya namna hii aghalabu hutolewa mapema mno, na kwamba mwanafunzi wa sekondari aweza kufundishwa kuikatia rufaa.

Yafaa kwanza ieleweke jinsi kompyuta inavyoamka. Kiini cha mfumo ndicho kinachogawa kumbukumbu, kinachopanga zamu za kazi na kuongoza vifaa. Kiini cha Linux, kilichoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland, hakijiamshi chenyewe. Programu ndogo, kama vile GRUB, hukipakia katika kumbukumbu na kukikabidhi mstari mmoja wa maneno. Maneno hayo ndiyo vigezo vya kuwashia.

Baadhi ya vigezo hukihusu kiini chenyewe. Kwa mfano, root= hutaja sehemu ya diski yenye mfumo, na mem=512M hukiwekea kiini mpaka wa kumbukumbu kinayoweza kutumia. Vingine huhusu moduli, yaani vipande vya programu ambavyo aghalabu huongoza vifaa. Hapo huandikwa jina la moduli, nukta, jina la kigezo, alama ya sawasawa, kisha thamani. Hivyo usbcore.autosuspend=-1 huiagiza moduli ya usbcore isivilaze vifaa vya USB visivyo na kazi.

Sasa turudi kwenye kioo cheusi. Mara nyingi sababu ni moduli isiyopatana na kadi ya picha. Katika orodha ya GRUB, mwanafunzi abonyeze herufi e, autafute mstari unaoanza na neno linux, aongeze mwishoni neno nomodeset, kisha abonyeze F10. Neno hilo hukizuia kiini kupanga hali ya kioo kwa moduli hizo. Hutumika picha ya kawaida tu. Kioo kikionyesha picha, tumejua kosa liko upande gani, wala hatujatumia hata senti moja. Tena badiliko hilo ni la mara ile moja tu: kompyuta ikizimwa na kuwashwa upya, mstari wa awali hurudi. Kwa hiyo hili ni jaribio la maabara hasa: badili jambo moja, tazama, andika.

Lakini mtego upo. Neno likikosewa herufi, kiini hakikatai kuamka. Neno kisilolijua hukabidhiwa programu ya kwanza itakayoanzishwa. Amri cat /proc/cmdline huonyesha yaliyosemwa, haionyeshi kama yameeleweka. Viini vya miaka ya karibuni huandika onyo juu ya maneno yasiyojulikana, nalo husomwa kwa amri dmesg. Hapana budi mwanafunzi azoee kutazama pote pawili kabla ya kusema kwamba jaribio limeshindwa.

Wako walimu watakaosema kwamba elimu hii ni ya hatari, nao wana hoja. Anayeandika init=/bin/sh katika mstari huo aweza kuingia katika kompyuta kwa mamlaka yote, bila kuulizwa neno la siri. Hata hivyo, kuficha elimu hakufungi mlango. GRUB yenyewe huweza kuwekewa neno la siri, likashikwa na mwalimu, na majaribio yakafanywa mbele yake.

Napendekeza basi kwamba kila chumba cha kompyuta kiwe na daftari. Kabla ya mashine yoyote kupelekwa stoo, yaandikwe mambo matatu: maneno kiini kilichopewa, neno lililobadilishwa, na lililotokea. Zipo mashine zitakazokwenda stoo hata hivyo, kwa kuwa zimekufa kweli. Lakini zitakwenda baada ya kuulizwa, na wanafunzi watakuwa wamejifunza kwamba asiyeuliza hanalo ajifunzalo.