Ukiumia Kazini, Usikubali "Tutamalizana Wenyewe"

Kama umeumia kazini na mwajiri amekuambia "tutamalizana wenyewe", soma haya leo, maana muda unakuishia. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi imeweka kikomo cha miezi 12 tangu siku ya ajali. Ukinyamaza mpaka ipite, haki yako inapotea, na miezi hiyo haimsubiri mtu aliyelala na hogo mguuni.

Mambo huanza kwa wema. Fundi anakatwa vidole na mashine ya randa. Msimamizi anamkimbiza hospitali, analipa bili, anamwachia laki mbili za kujikimu. Kisha anamwomba jambo moja tu: akiulizwa na daktari, aseme aliumia nyumbani. Maneno hayo yakishaandikwa kwenye faili la hospitali, ndiyo yatakayomsuta siku atakapodai. Usiyatamke, hata kwa ajili ya bosi uliyekula naye miaka kumi.

Kwa nini waajiri wanaficha? Wengine hawajajisajili katika Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, au wana malimbikizo ya michango na wanaogopa kukaguliwa. Hofu hiyo ni yao; usiibebe wewe mgonjwa. Mchango wa Mfuko hulipwa na mwajiri peke yake, na ni kosa kuukata kwenye mshahara wako. Kwa hiyo ukidai, humwombi bosi hisani.

Sasa linganisha na hizo laki mbili. Mfuko hugharamia matibabu. Ukiwa huwezi kufanya kazi kwa muda, unalipwa asilimia 70 ya kipato chako, hadi miezi 24. Ukibaki na ulemavu wa kudumu unaozidi asilimia 30, unalipwa pensheni kila mwezi. Usiozidi hapo, unapewa malipo ya mkupuo. Mfanyakazi akifariki, kuna gharama za mazishi na malipo kwa mjane au mgane, watoto na wategemezi wengine. Familia nyingi humaliza matanga bila mtu kuwaambia hilo. Tafadhali, waambieni.

Wapo pia vishoka wanaoahidi "kusukuma faili" kwa kugawana malipo, au wanaotaka kadi yako ya benki na namba ya siri. Wakimbie. Kudai fidia ni bure.

Toa taarifa kwa mwajiri kwa maandishi, ubaki na nakala yenye tarehe. Mwajiri akishaambiwa, ana siku 7 za kuufikishia Mfuko taarifa. Akisuasua, nenda mwenyewe ofisi ya WCF, au mtume ndugu. Mweleze daktari ukweli wote: mashine ipi, saa ngapi, nani alikuwepo. Tunza hati za mshahara na namba za simu za mashahidi kabla hawajahamia saiti nyingine. Na usitie sahihi wala dole gumba kwenye karatasi inayosema huna dai lolote, hata ukiambiwa ni ya kupokelea hela ya dawa.

Kama ajali yako ilitokea mwaka jana mwezi kama huu, usingoje mwisho wa mwezi. Nenda kesho asubuhi na karatasi ulizo nazo, taarifa yako ipokewe. Zilizobaki utaendelea kuzifuatilia.