Formula One: Wenye timu wavuna, wahandisi wafunga mkanda

Agosti 2020 familia ya Williams ya Uingereza iliuza timu yake ya mbio za magari za Formula One kwa kampuni ya uwekezaji ya Marekani, Dorilton Capital, kwa Euro milioni 152. Novemba 2025, sehemu ya hisa za timu ya Mercedes iliuzwa kwa bei iliyoikadiria timu nzima kuwa na thamani ya dola za Marekani bilioni 6 hivi. Mali hizo mbili si sawa, kwani Williams wakati huo ilikuwa ikiburura mkia na Mercedes ni bingwa mara nane mfululizo. Hata hivyo, pengo hilo ni kubwa mno kuelezwa na vikombe peke yake.

Kati ya mauzo hayo mawili iliingia kanuni moja iliyobadilisha hesabu za biashara hiyo. Kuanzia msimu wa 2021, Shirikisho la Kimataifa la Magari, FIA, liliweka kikomo cha fedha ambazo timu inaruhusiwa kutumia kwa mwaka. Mapato yaliachwa yapande na gharama zikafungwa kamba. Mfanyabiashara yeyote wa duka anaelewa maana yake: faida inanona na bei ya duka inapanda.

Lakini gharama iliyofungwa kamba ni pato la mtu fulani. Katika Formula One mtu huyo ni mhandisi, na mwekezaji anayeitazama biashara hii bila kumtazama yeye anasoma nusu ya hesabu.

Mfuko mmoja

Kikomo hicho awali kilikubaliwa kiwe dola milioni 175. Mei 2020, maradhi ya Korona yaliposimamisha mashindano, kilishushwa hadi dola milioni 145 kwa mwaka 2021, kikapangiwa kushuka tena hadi milioni 140 mwaka 2022 na milioni 135 mwaka 2023, kabla ya marekebisho ya mfumuko wa bei na idadi ya mbio. Injini zilipangiwa kikomo chake, dola milioni 95, kuanzia 2023.

Gharama za matangazo ya biashara zimeachwa nje ya mfuko huo. Mshahara wa dereva umeachwa nje. Mishahara ya watu watatu wanaolipwa zaidi katika timu nayo imeachwa nje. Kilichobaki ndani ni vipuri, majaribio, usafirishaji wa mizigo, na mishahara ya mamia ya watu wanaochora gari, wanaolipima na wanaolitengeneza.

Hapo ndipo penye tatizo. Mkuu wa idara anayetaka kumwongezea kijana wake mshahara hazungumzi tena na tajiri mwenye timu, ambaye pengine fedha anazo. Anazungumza na kikomo. Kila pauni ya nyongeza inatoka katika mfuko uleule unaonunua bawa jipya la mbele. Tajiri akitaka kumpa dereva milioni kumi zaidi, anampa. Akitaka kuwagawia wahandisi 500 fedha hizo hizo, analazimika kwanza kutafuta kitu cha kukata.

Mwaka 2022 ulionyesha ukali wa jambo hilo. Mfumuko wa bei Uingereza, yaliko makao ya timu nyingi, ulifikia asilimia 11.1 mwezi Oktoba. Timu zilikuwa zimelalamika, na nyongeza iliyokubaliwa kwenye kikomo mwezi Julai ilikuwa asilimia 3.1. Mhandisi wa Milton Keynes au Brackley alipanda bei ya umeme, chakula na kodi ya nyumba kama jirani yake, lakini mwajiri wake alikuwa na sababu ya kisheria ya kumwambia asubiri.

Kanuni hiyo si ya mchezo. Timu ya Red Bull ilipopatikana na hatia ya kuvuka kikomo cha 2021, ilitozwa faini ya dola milioni 7 na kupunguziwa asilimia 10 ya muda wa majaribio ya upepo. Kiasi kilichozidi kilikuwa asilimia 1.6 tu. Miongoni mwa mambo ambayo FIA ilisema hayakuhesabiwa sawasawa ni chakula cha wafanyakazi na michango ya mwajiri katika bima ya jamii. Kama sahani ya chakula inaweza kuiingiza timu hatiani, nyongeza ya mshahara haiwezi kuwa jambo jepesi.

Mtu wa nne

Kuwaacha watu watatu nje ya kikomo kumezaa tabaka mbili chini ya paa moja. Mfano unaojulikana zaidi ni Adrian Newey, mchoraji wa magari ya ubingwa tangu enzi za Williams na McLaren. Alipotangaza mwaka 2024 kuondoka Red Bull, timu ya Aston Martin ilimchukua, na haikumpa mshahara peke yake bali na hisa za timu pia. Alianza kazi Machi 2025.

Hakuna ubaya katika hilo. Mtu mwenye ujuzi adimu alipata bei ya ujuzi wake katika soko huria. Swali linalojitokeza ni la mtu wa nne. Yeye anaweza kuwa mkuu wa idara ya upepo, au yule anayeamua gari liingie lini kubadilisha matairi. Mshahara wake uko ndani ya kikomo pamoja na misumari na rangi. Chini yake wako wengine mamia, na wengi wao hawatakaribia kamwe nafasi hizo tatu za juu.

Mapenzi ya kazi yana bei

Kwa miaka mingi timu zimeajiri kwa kutegemea kitu ambacho viwanda vingine havina. Kila mwaka vijana wengi wenye shahada za uhandisi wanagombea nafasi chache. Wanunuzi wa ujuzi huo walikuwa timu 10 tu hadi mwaka 2025. Soko lenye wauzaji wengi na wanunuzi kumi lina bei ya mnunuzi.

Aidha, kazi yenyewe ina utamu wake. Mhandisi wa ndege anaweza kusubiri miaka kumi aone alichokichora kikiruka. Wa Formula One huchora kipande leo, baada ya majuma machache kinakimbia mbele ya dunia nzima, na Jumapili jioni saa inamwambia kama alikuwa sahihi. Malipo ya namna hiyo hayaandikwi kwenye hundi, na kwa kijana wa miaka 25 ni makubwa. Ndiyo maana wengi hukubali mshahara mdogo kuliko ambao benki za London au makampuni ya programu za kompyuta yangewapa kwa hesabu zilezile.

Lakini tofauti hiyo ni punguzo ambalo mwajiri hupewa na mfanyakazi, na punguzo lina muda wake. Kijana huoa, hupata watoto, hutafuta nyumba. Mwaka 2024 na 2025 kalenda ilikuwa na mbio 24. Mwishoni mwa 2024 timu zilikimbia Las Vegas, Qatar na Abu Dhabi kwa majuma matatu mfululizo, na kati ya Las Vegas na Qatar kuna tofauti ya saa 11. Kanuni zinalazimisha viwanda kufungwa siku 14 mfululizo katikati ya msimu, na hiyo ni nafuu ya kweli. Dawa nyingine ni kuwa na vikosi viwili vya kupokezana safari, ila kikosi cha pili nacho kinalipwa kutoka mfuko uleule.

Wasiosafiri nao wana adha yao. Watu wa kazi ya gari wanaoruhusiwa uwanjani hawazidi 60 kwa timu. Waliobaki kiwandani ndio wengi, nao hawaonekani kwenye televisheni. Waswahili walisema mkono mtupu haulambwi. Sifa za Jumapili hupokewa na wachache, na Jumatatu kila mtu anarudi kwenye mshahara wake.

Upande wa pili wa hesabu

Haki inataka isemwe kwamba kikomo kiliokoa ajira pia. Oktoba 2014 timu mbili, Caterham na Marussia, ziliwekwa chini ya wasimamizi wa mufilisi katika majuma yaleyale. Manor, iliyorithi Marussia, ilifungwa Januari 2017. Force India nayo iliangukia kwa wasimamizi mwaka 2018. Timu kubwa zilikuwa zikitumia bila breki, ndogo zikikopa ili zisiachwe, na mtambo ukivunjika wa kwanza kukosa mshahara alikuwa mhandisi huyuhuyu.

Leo hakuna timu inayotembeza bakuli. Mwaka 2024 timu nne tofauti zilishinda mbio. Liberty Media ya Marekani, mmiliki wa haki za biashara za mashindano hayo tangu Januari 2017, ilitangaza mapato ya dola bilioni 3.4 kwa mwaka 2024, na kati ya hayo timu zililipwa dola bilioni 1.27 hivi. Ukigawa kwa timu 10, wastani ni kama dola milioni 127 kila moja, kabla ya fedha za wadhamini. Ajira yenye mwajiri anayejiweza ni bora kuliko ahadi ya mwajiri aliyefilisika.

Hoja hiyo ni nzito, ila inathibitisha jambo moja zaidi. Kikomo kiliwekwa wakati wa njaa. Mei 2020 kundi la makampuni la McLaren lilitangaza kupunguza wafanyakazi 1,200, na takriban 70 kati yao walikuwa wa timu ya mbio. Wakati ule kufunga mkanda kulikuwa na maana kwa wote. Njaa imekwisha, mwenye timu amefungua mkanda wake, na wa mhandisi umebaki kwenye tundu lilelile.

Wanunuzi wapya sokoni

Soko lenyewe limeanza kusema. Red Bull ilipoanzisha kiwanda chake cha injini mwaka 2021, ilichukua wahandisi kutoka Mercedes, akiwemo Ben Hodgkinson aliyewekwa kuwa mkuu wa ufundi. Rob Marshall aliondoka Red Bull baada ya miaka 17 na kuanza kazi McLaren Januari 2024. Mwaka huohuo McLaren ilitwaa ubingwa wa timu kwa mara ya kwanza tangu 1998. Mtu mmoja haleti ubingwa, lakini ni wazi kwamba mtaji mkubwa wa biashara hii unatembea kwa miguu yake na kutoka nje ya lango kila jioni.

Msimu wa 2026 umeleta Cadillac, timu ya 11, na Audi iliyoichukua Sauber ya Uswisi. Wanunuzi wa ujuzi wameongezeka, na bei ya ujuzi haina budi kupanda. Kikomo cha 2026 nacho kimewekwa dola milioni 215, ingawa sehemu kubwa ya ongezeko hilo inatokana na gharama zilizokuwa nje kuingizwa ndani, pamoja na kuhesabu mfumuko wa bei. Kanuni mpya zimekubali pia kwamba timu iliyoko katika nchi ya mishahara mikubwa, kama Uswisi, ipewe nafuu. Kwa kufanya hivyo FIA imekiri kwamba mshahara si kipuri.

Ikiwa imekiri hivyo kwa Uswisi, haina sababu ya kuishia hapo. Njia ya kwanza ni kuutoa nje ya kikomo mshahara wa mfanyakazi wa kawaida hadi kiwango fulani, ili tajiri asitumie mwanya huo kununua mabingwa wa ufundi kwa bei ya kuruka. Njia ya pili iko mikononi mwa wenye timu wenyewe: kuwapa wafanyakazi sehemu ya ongezeko la thamani ya timu pale hisa zinapouzwa, kwa utaratibu ambao wakaguzi wa FIA wataupitisha. Kilichofaa kwa Newey kwa kipimo kikubwa kinafaa kwa fundi wa Woking kwa kipimo kidogo.

Mwekezaji atazame nini

Wawekezaji wadogo wanaweza kuingia katika biashara hii kupitia hisa za Liberty zinazouzwa Nasdaq, au za Ferrari zinazouzwa New York na Milano. Wasichanganye mambo: mwenye hisa za Liberty anamiliki mashindano, hamiliki timu. Lakini mashindano bila timu imara hayauziki.

Kipimo cha kutazama hakihitaji fundi. Sheria ya Uingereza inayalazimu makampuni makubwa kupeleka hesabu zao kwa Msajili wa Makampuni, na ndani yake huandikwa idadi ya wafanyakazi na jumla ya gharama ya mishahara. Mwekezaji agawe namba ya pili kwa ya kwanza, afanye hivyo kwa miaka mitano, kisha alinganishe na mfumuko wa bei na na faida ya timu. Timu ambayo faida yake inapaa huku wastani wa mshahara ukilala haijagundua siri ya ufanisi. Inakopa kwa wafanyakazi wake, na deni hilo haliandikwi kwenye mizania.

Kipimo hicho kinafaa pia karibu na nyumbani. Zipo kampuni nyingi zinazoajiri kwa sifa ya jina lao, iwe benki, shirika la ndege au kituo cha redio, zikiamini kwamba heshima ya kufanya kazi pale ni nusu ya mshahara. Kwa muda fulani ni kweli. Kabla ya kununua hisa za kampuni ya aina hiyo, mwekezaji mwangalifu ataulizia ni wangapi kati ya wafanyakazi wake wazuri wa miaka mitano iliyopita ambao bado wapo.